Baridi ya miguu: Jiko si dawa kwa anayekesha nje

UKIPITA mitaa ya Milimani au Section 58 jijini Nakuru mwendo wa saa kumi za alfajiri mwezi wa Julai, utasikia mlio mmoja nyuma ya karibu kila lango: du, du, du. Usishtuke. Ni bawabu anayepiga buti zake chini akijaribu kurudisha hisia katika vidole vya miguu. Amevaa kabuti zito, kofia ya sufu imemfunika masikio, na pengine amejitanda blanketi juu ya hayo yote. Hata hivyo, miguu inamwuma kana kwamba ameitumbukiza katika ndoo ya maji ya barafu.

Adha hii waliijua sana wawindaji wa zamani. Kuwinda katika msitu wa Mau hakukuwa kukimbiza wanyama tu. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kungoja kimya, bila kujitikisa, huku umande ukilowesha nyasi na miguu. Waogiek, ambao msitu huo ndio makao yao ya jadi, walijifunika kwa ngozi za perere zenye manyoya mazito. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, lakini kazi ya kukaa gizani ukingoja haikuisha. Bawabu ndiye mwindaji wa siku hizi, ila mawindo yake huja yamebeba nondo.

Msomaji, huenda wewe hulindi lango la mtu. Lakini labda una ndugu Molo anayekamua ng'ombe saa kumi na moja asubuhi, au mjomba Kuresoi anayechimba viazi matopeni. Labda unapeleka maziwa mjini kwa pikipiki, au unaita abiria stendi kabla jua halijachomoza. Yaelezwayo hapa yanawahusu nyote.

Baridi bila barafu

Wengi huuliza: ni baridi gani hiyo ya kudhuru miguu katika nchi ambayo mstari wa ikweta unapita Mogotio, mwendo mfupi tu kaskazini mwa Nakuru? Jibu ni mwinuko. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo takriban mita 2,500. Kila upandapo mita 1,000, joto la hewa hupungua kwa digrii 6 hivi. Usiku wa Julai mjini Nakuru joto hushuka hadi digrii 10 hivi au chini ya hapo. Huko Molo, Mau Narok na Kinangop hushuka zaidi, na kuna asubuhi ambapo sakitu hulala juu ya nyasi na kuunguza majani ya viazi.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba mguu hauhitaji barafu ili udhurike. Mguu uliolowa na kupoa kwa saa nyingi, hata kama joto la hewa ni digrii 10, huweza kuharibika mishipa ya damu na ya fahamu. Ulimwengu ulilijua hili kwa uchungu katika Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka wa 1914 hadi 1918. Maelfu ya askari waliokaa katika mahandaki yenye maji huko Ufaransa na Ubelgiji walipatwa na ugonjwa ambao Waingereza waliupa jina la mguu wa handaki. Kwanza mguu hufa ganzi na kubadilika rangi. Ukipashwa joto huvimba na kuuma vikali, na hatimaye ngozi huweza kufanya malengelenge na kuoza. Baadhi yao walikatwa vidole, wengine miguu. Walipaka mafuta ya nyangumi, lakini pamoja na mafuta hayo iliwabidi wafuate amri mbili ambazo hazigharimu pesa nyingi: kubadilisha soksi, na askari wawili wawili kukaguana miguu kila siku.

Isitoshe, uchunguzi uliofanywa katika majeshi ya Uingereza na Marekani umeonyesha kwamba askari wenye asili ya Kiafrika hupatwa na madhara ya baridi ya mikono na miguu mara nyingi kuliko wenzao Wazungu. Kwa hivyo yule anayejigamba kwamba Mwafrika ni mgumu, baridi haimwezi, angefaa kufikiri tena.

Ni kweli kwamba bawabu wa Nakuru hashindi siku tatu ndani ya maji. Lakini usiku mmoja wa saa 12 katika buti zilizolowa, ukirudiwa mara sita kwa juma, msimu mzima, si jambo dogo. Wengi hubaki na vidole vyenye ganzi, au vivimbe vyekundu vinavyowasha na kuchoma kila wanaporudi penye joto, wakadhani ni funza au mzio wa sabuni.

Mwili na ubahili wake

Ili uelewe jinsi ya kujikinga, fahamu kwanza jinsi mwili unavyogawa joto. Mwili hutaka moyo, ubongo, mapafu na ini vikae katika digrii 37 hivi. Joto hilo husafirishwa na damu. Baridi inapozidi, ubongo huamuru mishipa ya damu ya mikono na miguu ijibane, damu irudi katikati. Ni kama mwenye nyumba ambaye kuni zimempungukia: huuacha moto wa sebuleni uzimike ili wa jikoni usizimike. Vidole vya miguu ndivyo sebule. Viko mbali na moyo, na havina misuli mikubwa ya kuzalisha joto lake vyenyewe.

Hapo ndipo penye kosa la kwanza. Mtu anahisi baridi miguuni, anaongeza soksi, na kumbe tatizo liko kifuani. Ikiwa shingo, kichwa na kiwiliwili vimepoa, hata soksi nne hazitasaidia, kwa kuwa soksi haitoi joto. Kazi yake ni kuhifadhi joto lililoletwa na damu, na damu haiji. Funika kichwa na shingo, vaa fulana ndani ya shati na sweta juu yake, ufunge koti lisipitishe upepo. Aghalabu vidole vitaanza kupata joto vyenyewe. Suruali nyepesi pia ni adui, kwa sababu damu iendayo mguuni hupita pajani na kwenye muundi, na hupoa njiani.

Kadhalika, usikae kitako usiku kucha. Misuli ya ndama inapojikunja husukuma damu na kuzalisha joto. Kutembea kuzunguka ua kwa dakika tano kila baada ya nusu saa kunafaa kuliko kupiga buti chini. Ikiwa ni lazima ukae, simama kwa ncha za vidole kisha ushuke, mara 20 au 30.

Maji ndiyo mwizi mkubwa

Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa tulivu. Kwa hivyo mguu uliolowa huporwa joto kwa kasi ambayo mguu mkavu hauijui. Na maji hayo si ya mvua na umande peke yake. Nyayo zina tezi nyingi sana za jasho, nazo hutoa jasho hata wakati wa baridi.

Chukua mfano wa mtu anayetembea kutoka Kaptembwa hadi kazini Milimani jioni. Anafika miguu ikiwa na joto, anafurahi. Lakini soksi tayari zimelowa jasho. Saa nne za usiku jasho limepoa, na kuanzia hapo hadi asubuhi anakaa ndani ya kitambaa chenye maji. Wawindaji wa kulungu kule Marekani ya kaskazini na Kanada, ambako theluji hufika magotini, wana desturi ambayo ingetufaa sana. Wanatembea hadi mahali pa kuvizia wakiwa na soksi nyepesi. Wakifika huvua, hujifuta miguu ikauka kabisa, kisha huvaa soksi nzito walizozibeba kavu katika mfuko. Soksi jozi ya pili mfukoni, na kitambaa kidogo cha kujifutia, hayo mawili peke yake yanaweza kubadilisha usiku wako wote.

Soksi zenyewe zisiwe za pamba tupu. Pamba ikilowa hushikamana na ngozi na kuipoza. Sufu hubaki na vijinafasi vya hewa hata ikiwa na unyevu kidogo, na hewa hiyo ndiyo inayohifadhi joto. Ajabu ni kwamba tunaishi karibu na Molo, ambako kondoo wamefugwa tangu enzi za walowezi, lakini tunamsifu kondoo huyo kwa nyama yake tu. Ukimpata mama anayefuma soksi za sufu kwa mkono, mnunulie jozi mbili. Sokoni kwenye mitumba pia hupatikana soksi nzito za sufu kutoka Ulaya. Zichemshe, uzianike juani, ndipo uvae.

Buti za mpira, yaani gambuti, zinahitaji maneno zaidi kwa kuwa ndizo zinazovaliwa na wengi. Gambuti huzuia maji yasiingie, na hapo inasifika. Lakini huzuia pia jasho lisitoke, na mpira mtupu hauhifadhi joto. Mwenye kuvaa gambuti kwa soksi moja nyembamba ni kama mtu aliyelala juu ya bati. Nunua iliyozidi mguu wako kwa namba moja, utie ndani kitanzi cha sponji, katoni au blanketi kuukuu kilichokatwa kwa umbo la wayo, na uvitoe vikauke kila siku. Mifuko ya nailoni ambayo watu walizoea kuvalia juu ya soksi, kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku mwaka wa 2017, ilifanya kosa lilo hilo la kufungia jasho ndani.

Ubanaji nao ni hatari. Kiatu kinachobana hufanya kazi ile ile inayofanywa na baridi: huziba njia ya damu. Ukiwa na kiatu cha kukutosha tu kisha ukaongeza soksi ya pili, umejipunguzia joto. Kipimo ni rahisi: ukishavaa, je, unaweza kuchezesha vidole vyote vitano? Ikiwa huwezi, vua soksi moja. Usisahau pia mpira wa soksi unaoacha alama ya mkanda kwenye muundi.

Watu wa jamii ya Wasami, wafugao paa wa baridi kaskazini mwa Ulaya, kwa karne nyingi hawakutegemea soksi kabisa. Walijaza viatu vyao nyasi kavu zilizopondwapondwa, wakazibadilisha zinapolowa. Mwaka wa 1991 maiti ya mtu aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita ilipatikana katika barafu mpakani mwa Austria na Italia, na viatu vyake vilikuwa vimejazwa nyasi pia. Nyasi kavu tunazo.

Sakafu ya simiti huvuta joto kupitia wayo usiku kucha, nacho kibanda cha bawabu aghalabu kina sakafu hiyo hiyo. Weka ubao, katoni zilizokunjwa mara kadhaa, gunia, au kipande cha tairi, kisha uweke miguu juu yake. Hakuna kinga rahisi kuliko hii, na ni ajabu jinsi inavyosahaulika.

Sigara, miraa na kikombe cha kuchangamsha

Sigara hubana mishipa midogo ya damu ya vidole, na mwenye kuvuta ili apate joto anajipoza miguu. Wapo wavutaji ambao mishipa yao huziba kabisa hata vidole vikakatwa. Miraa, ambayo mabawabu wengi hutafuna wasisinzie, nayo hupandisha shinikizo la damu na kubana mishipa hiyo. Pombe hufanya kinyume: hufungua mishipa ya ngozi, ukahisi joto kwa muda, kumbe joto la katikati ya mwili linamwagika nje. Aliyelewa nje usiku wa baridi yu hatarini hata kama anaimba.

Chai ya maziwa yenye tangawizi katika thamosi, na chakula cha kushiba kabla ya kazi, hufaa zaidi. Mwili usiokula hauna kuni za kuwasha.

Jiko

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya.

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja jirani yangu alikuwa akilinda duka mjini. Kila usiku aliwasha jiko la makaa ndani ya kibanda chake na kuiegemeza miguu kando yake. Usiku mmoja alisinzia. Kilichomwamsha ni moshi wa kiatu.

"Mwanangu," aliniambia baadaye, "nilisikia harufu ya mpira kabla ya kusikia moto."

Hakuhisi maumivu. Alifurahia hilo, akaona ameponea chupuchupu, akapaka dawa ya meno juu ya malengelenge na kuendelea na kazi. Baada ya wiki tatu kidole cha pili kilikuwa cheusi. Hospitalini walimpima damu na kumkuta ana ugonjwa wa kisukari ambao hakujua anao. Alikatwa vidole viwili. Laiti angeuliza siku ile ile kwa nini mguu ulichomeka bila kuuma!

Kisukari kisipodhibitiwa huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mwenye hali hiyo huhisi ganzi, kuchomachoma, au miguu kuwa baridi hata ikiguswa ni ya moto. Kwa kuwa anahisi baridi, hutafuta moto. Kwa kuwa haumii, hajui anapoungua. Kidonda hicho hugeuka kidonda ndugu. Ikiwa una kisukari, au ukoma uliwahi kukupata, usiweke mguu karibu na jiko, hita, wala chupa ya maji moto. Maji ya kunawa yapimwe kwa kiwiko cha mkono. Kabla ya kuvaa buti, ingiza mkono ndani utafute kijiwe au msumari, na kila asubuhi utazame nyayo, kwa kioo au kwa macho ya mkeo au mwanao.

Na hata asiye na kisukari asiingize jiko la makaa katika kibanda kilichofungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na moshi ukiisha yenyewe huendelea kutoka. Hukamata damu isibebe oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na usingizi, akadhani ni uchovu wa kukesha, na haamki. Kila msimu wa baridi tunasoma habari za watu waliokutwa wamefariki namna hiyo. Jiko likae nje, mahali pa wazi, nawe ujongee upashe mikono kisha urudi kazini.

Ukishapoa

Ikiwa umetoka kazini miguu imekufa ganzi, vua viatu na soksi, jifute taratibu, uvae kavu au ujifunike blanketi. Kunywa kitu cha moto ili mwili wote upate joto, ndipo miguu ifuate polepole. Usiisugue, na usiitie katika maji ya moto kwa pupa. Inue juu ya mto kidogo ikiwa imevimba. Kuwasha na kuuma kidogo wakati damu inarudi ni kawaida. Ganzi inayokaa zaidi ya siku moja, malengelenge, ngozi nyeusi au ya kijivu, au kidonda kisichopona, vipelekwe kwa daktari bila kungoja mwisho wa mwezi.

Yupo pia mtu ambaye miguu yake huwa baridi hata mchana wa jua. Huyo asilaumu hali ya hewa. Huenda ana upungufu wa damu, au tezi ya shingoni imelegea. Mguu mmoja ukiwa baridi kuliko mwenzake, au ndama ikiuma kila unapotembea na kutulia ukisimama, mishipa ya damu huenda inaziba. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu kama vile propranolol na atenolol hupoza mikono na miguu. Mwambie daktari, lakini usiziache kwa uamuzi wako.

Neno kwa wewe unayelala ndani huku mwingine akilinda nje: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kumkinga mfanyakazi na hatari za kazi. Kwa bawabu wa Nakuru mwezi wa Julai, hiyo ni buti zisizovuja na za kumtosha, wala si zile za bawabu aliyemtangulia. Kibanda kiwe na ubao sakafuni na mahali pa kuanika soksi.

Buti zikilowa, usizianike karibu na moto kwani ngozi na mpira hupasuka. Toa kitanzi, ujaze karatasi za gazeti zilizofinyangwa hadi kwenye ncha ya vidole, na baada ya saa mbili au tatu uzitoe zilizolowa na kutia nyingine. Kufikia jioni zitakuwa kavu. Gazeti hili linatosha jozi moja, na ukurasa wa siasa hunyonya maji sawasawa na wa michezo.